Uji wa Mrija wa Mzee Egwang

Naapa mbele ya Mungu, mbele ya marehemu mama yangu, na mbele ya bendera niliyoipungia treni miaka thelathini na moja pale stesheni ya Malaba, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Chumvi sijaongeza. Pale ambapo chumvi ilikuwamo tangu mwanzo nimeiacha ilivyo, maana si kazi yangu kuipunguza. Wapo watu Malaba watakaokuambia, "Ah, huyo Okiror! Si ndiye alituambia alisimamisha treni kwa chafya?" Ndiyo, nilisimamisha. Lakini hiyo ni habari nyingine, na dereva wake alishafariki, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Hii ni habari ya rafiki yangu Egwang wa upande wa Moding, na ilitokea mwaka wa sabini na sita, mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu.

Egwang alikuwa amefiwa na mkewe, na mwaka huo huo meno yakamhama. Yalimhama mawili mawili, kama watu wanaotoka kanisani. Likabaki moja tu mbele, la kushikia kiko. Basi akaacha kula. Asubuhi strungi, yaani chai ya rangi isiyo na maziwa, mchana strungi, jioni kipande cha muhogo anachokizungusha mdomoni mpaka kinachoka chenyewe. Suruali yake akaifunga kwa kamba ya katani, akaizungusha mara mbili, halafu mara tatu. Siku moja upepo wa mvua ulivuma nikamwona anashika nguzo ya ghala. Nilicheka. Baadaye nikaona haikuwa ya kucheka.

Binti yake, Alaso, alikuwa akiishi Malaba, akiuza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya malori. Alipokuja kumtazama baba yake alilia, kisha akamleta Sista Alupo wa zahanati. Sista alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Mizani yake ilikuwa ile ya kuning'inizia watoto ndani ya kisuruali cha turubai. Egwang alikitazama kile kisuruali, akasema, "Mimi humo siingii." Ikabidi twende ghala la pamba, akapimwa juu ya mizani ya magunia.

"Kilo arobaini na tatu," karani akasema. "Hata gunia langu baya linamshinda."

Sista akanigeukia mimi, sijui kwa nini. "Mzee, sikiliza. Mtu akizeeka hamu inapungua, lakini mwili haujaacha kudai. Huyu nyama zake zinaliwa na mwili wake mwenyewe. Anataka chakula laini, kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Uji wa wimbi wenye karanga na maziwa. Yai. Samaki aliyevunjwavunjwa, mfupa umetoka. Mboga zilizoiva zikalegea. Na maji. Chai ya rangi siyo chakula, hata ukiinywa ndoo nzima."

"Uji?" Egwang akauliza.

"Uji."

"Uji ni wa mtoto, na mwanamke aliyejifungua juzi. Wewe sista, mimi nimejifungua?"

Alaso akasema, "Baba, kama huli hapa, utakuja kukaa na mimi. Nitakulisha mwenyewe."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Alaso alikuwa na chumba kimoja nyuma ya loji, ukuta mmoja na uwanja wa malori. Injini zikiwashwa, sufuria zinacheza. Egwang alikuwa na ng'ombe wanne, kaburi la mkewe nyuma ya nyumba, na kigoda chini ya ukingo wa paa ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukikalia. Kumtoa pale ilikuwa sawa na kumng'oa lile jino la mwisho.

"Nitakufa kwa moshi wa dizeli," akasema taratibu. Hakuwa akitania.

Wakabishana mpaka Sista akakata maneno. Wiki sita. Akifika kilo arobaini na saba, atabaki kwake. Asipofika, anahamia Malaba kwa binti yake, na ng'ombe watatafutiwa mchungaji. Egwang akakubali kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kunywa strungi.

Wiki ya kwanza hakugusa kitu. Nilimpelekea uji, akampa mbwa. Mbwa akanenepa. Nikaanza kufikiri, na mimi nikifikiri watu wa reli huwa wanakaa mbali.

Kuna kitu kimoja ambacho Egwang hakuwahi kukataa: chungu. Kwetu chungu cha pombe ya wimbi kinakaa katikati, wazee wanakizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu, maji ya moto yanaongezwa, watu wanavuta na kuongea mpaka jua linakwenda. Mwenye chungu pale alikuwa Oriokot, jirani yake. Nikamvuta Oriokot pembeni.

"Tukitia uji ndani ya chungu?"

"Wazee watatuua."

"Tutasema ni pombe ya upande wa Tororo. Changa. Haileweshi haraka."

Oriokot akakuna kidevu. "Unga wa wimbi ulioota?"

"Ulioota, ukalala usiku mmoja upate ukali kidogo. Karanga za kusaga, maziwa, sukari kidogo."

"Na mirija je? Ile ina kichujio mwishoni. Uji utapita wapi?"

Sikulifikiria hilo. Siku ya kwanza tulipojaribu, Oriokot alivuta kwa nguvu mpaka mashavu yake yakakutana ndani ya mdomo. Nasema kweli, yalikutana, nikasikia yakigongana. Uji haukuja. Nikaenda Malaba kwa Salim.

Salim nyumbani kwake ni Burumba, kule Busia mjini, lakini duka lake lilikuwa Malaba, karibu na reli. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, kanzu nyeupe, kofia ya kufumwa, na meno yake hayakuwa yamezidi ya Egwang kwa mengi. Alinisagia karanga, kisha akaniletea mpira mwembamba, ule wanaotumia madereva kuhamishia mafuta, mpya kabisa, bado una harufu ya kiwanda. Tukaukata vipande.

"Mzee Okiror," akaniuliza, "huo uji ni mtamu?"

"Njoo uonje."

"Mimi nije kukaa kwenye chungu cha pombe? Watu watasema nini?"

Lakini alikuja. Akakata mpira wake mwenyewe, mita tatu kamili, akakaa nyuma ya ghala la Oriokot juu ya mkeka wake, ametupa mgongo, mpira umezunguka kona mpaka ndani ya chungu. Kwa hiyo, mbele ya Mungu na watu, hakukaa na walevi. Alikaa peke yake. Tulichokuwa tukiona ni mpira tu, ukitikisika.

Egwang alifika alasiri, akaketi mahali pake, akachukua mpira, akautazama. "Hii mirija imetoka wapi?"

"Ndiyo ya kisasa," nikasema. "Kule Tororo wote wanatumia hii."

Akavuta. Akanitazama muda mrefu, jino lake moja likiwa limetokeza.

"Pombe ya Tororo?"

"Ya Tororo."

"Watu wa Tororo wana karanga nyingi," akasema, akavuta tena.

Basi ikawa hivyo. Mchana mara moja, jioni mara moja, na Oriokot akaongeza ya asubuhi akisema ni mabaki ya jana. Samaki wa Alaso tukamsaga unga, tukamtia humo humo, tukasema ndiyo chachu ya Tororo. Wiki ya tatu Egwang akafungua zamu moja ya kamba kiunoni. Wiki ya nne lori lenye marobota ya pamba lilikwama matopeni karibu na mpaka, vijana kumi wakasukuma likakataa. Egwang akapita, akasema, "Ondokeni," akaweka bega. Lori liliondoka mbio likavuka hadi ng'ambo bila karatasi, ikabidi lirudishwe kinyumenyume likagongewe muhuri. Walioliona wapo. Ukiwauliza watakataa, kwa sababu ya aibu.

Siku kumi na mbili kabla ya kupimwa, Kadija akafika.

Kadija ni mke wa Salim. Alitoka Burumba na mzigo wa vitenge vya dukani, akakuta duka limefungwa mchana kweupe. Akauliza wauza ndizi. Wakamwambia bila kumficha: "Mzee wako? Yuko kwa Oriokot. Kwenye chungu. Kila siku."

Tulimwona akija njiani, amejifunga leso kiunoni. Hakutusalimia. Aliona mpira mmoja unatoka chunguni na kuzunguka kona ya ghala, akaufuata kwa macho, halafu kwa miguu, hatua moja moja, kama mtu anayefuata nyoka.

"Salim!"

Mpira ukaacha kutikisika.

"Salim! Na kanzu niliyokufulia juzi! Na mrija mdomoni! Hija unayoiombea kila siku, utaenda nao?"

"Kadija, subiri, ni uji."

"Nini?"

"Uji! Wallahi ni uji! Wimbi na karanga, karanga zetu za dukani. Onja mwenyewe!"

Alionja. Sote tulisimama, hakuna anayepumua. Kadija akaramba midomo, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Ni uji kweli."

Wake wa Oriokot walikuwa wakipepeta mtama pale. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua kuona mume akipigwa. Kilianza kicheko kimoja, kikawa ishirini. "Wazee wananyonya uji! Wamekaa mwezi mzima wananyonya uji!" Mmoja akauliza kama watafungiwa na kitambaa kifuani wasijichafue.

Egwang alitoa mpira mdomoni, akaufuta kwa kiganja, akauegemeza kwenye chungu polepole. Akainuka, akaenda zake. Hakutukana mtu. Ningependa angetukana.

Kesho yake nilimkuta kwenye kigoda chake, na kikombe cha strungi.

"Egwang, ndugu yangu. Nilikudanganya kwa ajili yako."

"Hukunidanganya. Nilijua tangu mvuto wa kwanza. Mimi nimekunywa pombe kabla reli haijafika hapa. Wewe unafikiri ulimi nao uling'oka na meno?"

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulikunywa?"

"Nilikunywa kwa sababu hakuna aliyesema. Sasa imesemwa, na wanawake wamecheka." Akapuliza chai yake. "Nenda nyumbani, Okiror."

Nilirudi tena na tena. Mlango umefungwa. Halafu nikaanza kuona kitu kibaya zaidi: kila alasiri Ojiambo, yule wa baiskeli za kubeba watu, anakuja, Egwang anapanda nyuma, wanashuka njia ya Malaba. Jioni anarudishwa. Nikajua. Ameshakata tamaa, anakwenda kuzoea chumba cha binti yake. Anajifunza kulala na injini.

Sikupata usingizi wa mchana, na mimi usingizi wa mchana ni kitu nilichokifanyia kazi miaka thelathini na moja. Kosa lilikuwa langu. Basi nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi ila akiwa na huruma nyingi na muda mwingi. Nilikuwa na koti langu zito la reli, la baridi ya alfajiri. Nilikuwa pia na nati za reli, zile kubwa, nilizoziokota kandokando miaka ile kwa matumizi ya baadaye. Nikafumua bitana, nikazipanga nati moja moja mgongoni na mikunjoni, nikashona. Siku ya kupimwa nikampelekea Egwang.

"Kuna baridi," nikasema.

"Jua hili?"

"Ghalani kuna baridi. Vaa, tusuluhiane."

Akavaa. Alisogea kidogo mabega, akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya pombe ya Tororo.

Ghalani alikuwepo Sista, alikuwepo Oriokot, na Alaso alikuja na kamba na sanduku tupu la kutilia vitu vya baba yake. Hilo sanduku lilinichoma. Salim na Kadija nao walikuwepo, sikujua wanatafuta nini. Egwang akapanda mizani. Karani akasukuma kile chuma, akakirudisha, akakisukuma tena.

"Hamsini na tatu."

"Mungu mkubwa!" nikapiga makofi peke yangu.

Sista hakupiga. "Kilo kumi kwa wiki sita? Hata nguruwe anaomba miezi." Akamzunguka Egwang, akaweka mkono mgongoni, akabonyeza. "Mzee, vua hili koti."

"Ana baridi!" nikasema.

"Vua."

Egwang akalivua, akaliachia. Lilivyoanguka sakafuni, naapa, lile ghala lilitetemeka, na uzi wangu ukakatika. Nati moja ikatoka ikabiringika, ya pili ikaifuata, ya tatu, hadi miguuni pa Alaso. Yeye akainama akaiokota, akaishika kiganjani.

"Baba Okiror," akasema, wala hakupiga kelele. "Ulitaka nimwache baba yangu hapa na kilo za chuma? Angeanguka peke yake kule nyuma ya nyumba, nami niko Malaba nafurahi kwamba ana hamsini na tatu?"

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu, nilitazama ukuta.

"Mpime tena," Sista akamwambia karani.

Karani akasukuma chuma. "Arobaini na saba," akasema. "Na nusu."

Oriokot akadakia: "Na nusu? Umekula nini wewe? Si ulisusa!"

Egwang akajikohoza. "Nilisusa chungu. Siku ya tatu huyu mama alikuja kwangu na baiskeli ya Ojiambo." Akamwelekeza Kadija kwa kidole. "Alikuja kuomba radhi, kwa kelele alizopiga. Nikamwambia, mama, umenivua nguo, nimeonekana nikila chakula cha mtoto. Akanicheka tena."

"Sikucheka sana," Kadija akasema.

"Ulicheka. Akaniambia kwao, mwezi wa kufunga, watu wazima wenye ndevu zao, waliofika Maka na kurudi, wakikaa kutwa nzima bila kitu, jua likizama, kinachowapokea kwanza ni tende na uji. Nikamwuliza, na watoto? Akasema watoto wanasubiri, mpaka wakubwa waanze." Egwang alitutazama mmoja mmoja. "Wanasubiri, mnasikia? Basi nimekuwa nikienda nyuma ya duka la Salim, tunakaa mkekani, wazee wawili, kila mtu na bakuli lake. Uji, yai limevurugiwa ndani, samaki wa Alaso. Na asubuhi nimekuwa nikijipikia mwenyewe. Mchana mboga. Mtoto wa jirani akipita namwambia asubiri."

Alaso alikaa juu ya lile sanduku, akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akainuka, akaivua kamba kwenye sanduku, akamfunga nayo baba yake kiunoni, maana ile ya katani ilikuwa imekuwa fupi. Ndipo nikajua anabaki.

"Nilijua kuna vyuma," Egwang akaniambia. "Nilitaka kuona utafika wapi."

Sista Alupo hakuwa amemalizana na mimi. "Na wewe panda."

"Mimi? Mimi ni mzima."

"Panda."

Nilipanda. Karani akasukuma, akarudisha, akarudisha tena, akarudisha zaidi. "Arobaini na sita," akasema. "Bila nati."

Sitaandika walivyocheka. Oriokot alikaa chini. Sista akaniuliza asubuhi nakula nini, nikasema strungi. Mchana? Nikasema inategemea. Inategemea nini? Nikasema inategemea kama strungi imebaki. Kwa kweli nilikuwa na kazi nyingi siku hizo, za kuokoa watu.

Wakakaa baraza pale pale juu ya magunia ya pamba, bila kuniuliza kama nina la kusema. Mashtaka yalikuwa mawili: kutia uji kwenye chungu cha watu, na kutia vyuma kwenye koti la mgonjwa. La kwanza Egwang akalisamehe. La pili Alaso akakataa katakata lisamehewe. Hukumu: kuku watatu wanaotaga, mmoja kwa Egwang, mmoja kwa Oriokot, mmoja kwa Salim, mayai yawe ya wazee wala si ya kuuza. Na mimi mwenyewe kila alasiri nyuma ya duka, bakuli langu mkononi, mpaka Sista aseme basi.

"Kuku wangu wanataga sana," nikasema. "Mmoja aliwahi kutaga yai mara mbili kwa siku, akaomba likizo."

"Walete leo," Alaso akasema.

Niliwaleta siku hiyo hiyo, wamefungwa miguu, vichwa chini. Alaso akawapokea mmoja mmoja kama anapokea mzigo wa forodha. Wa kwanza akamtazama, akamweka. Wa pili akamtazama, akamweka. Wa tatu akamgeuza, akamtazama kishungi, akamtazama miguu, akanitazama mimi.

"Mzee, huyu anataga?"

"Bado mchanga. Wiki ijayo ataanza."

Yule kuku akanyoosha shingo, akiwa bado mkononi mwa Alaso, mbele ya Sista na wazee wote, akawika.

Nikamchukua, nikarudi nyumbani kuleta mwingine.